Ukiacha selfi, kamera ya simu inawasaidia kazi gani hasa?

Mzee_wa_Feni:

Wakuu habari zenu. Swali langu linaweza kuonekana la kitoto ila nivumilieni. Jana nimefungua feni ya kusimama, lengo lilikuwa kuisafisha tu maana vumbi limeganda mpaka mapanga yanavuma kama nyuki, nikafika hadi kwenye zile swichi za spidi nikachomoa nyaya ili brashi ipite vizuri, afu simu ikaita nikaenda kuongea, kurudi sikumbuki waya upi ulikuwa wapi. Nikarudishia kwa kubahatisha. Sasa feni inawaka ila namba 1 ndo inapuliza kama kimbunga na namba 3 inazunguka kwa kujivuta, 2 peke yake ndo imebaki mahali pake. Shemeji kaja kaiangalia, kacheka, kaniuliza kitu kimoja tu, "kwani hukupiga picha kabla ya kuchomoa?"

Nikakosa jibu. Simu ilikuwa mfukoni muda wote na ina kamera 3 nyuma na 1 mbele. Nimeingia kwenye galari, nina picha zaidi ya 4,000, karibu zote sura za watu, ya kwangu ikiongoza, zingine skrinishoti za vichekesho ambavyo hata sikumbuki vilichekesha nini. Hakuna hata moja ambayo naweza kusema hii ilinisaidia kufanya kitu.

Sasa nyie wenzangu kamera mnaifanyia nini siku hadi siku? Sitaki habari za kupiga picha nzuri, sijui mwanga wa machweo, sijui nini. Nataka ya mtu anayetaka kazi iishe.

---

Fundi_Nusu:

Hahaha pole sana mkuu, haupo peke yako. Mi nafungua vitu vya watu kila siku na nakuambia simu naitoa kabla ya bisibisi. Hakuna skrubu inatoka kabla ya picha. Ila kuna namna ya kupiga, wengi wanainama wanapiga moja ya harakaharaka, ukija muda wa kurudishia unakuta kivuli cha kichwa chako kimefunika palepale unapopataka. Anza na ya mbali inayoonyesha kitu kizima kimekaaje, juu ni wapi chini ni wapi, ndo usogee. Afu piga nyingine kutokea ubavuni kwa sababu waya ukipita nyuma ya mwenzake ile picha ya mbele haikuambii chochote. Na rangi usiziamini! Chini ya taa ya njano waya mwekundu na wa kahawia kwenye picha wanakuwa mapacha, mi nishaumbuka kwa hilo mbele ya mteja, kwa hiyo siku hizi nabandika kipande cha selotepu kwenye kila waya, naandika namba, ndo napiga.

Skrubu nazo nazipanga juu ya karatasi nyeupe kwa umbo la kitu chenyewe, ya kona ya juu kushoto inakaa juu kushoto, napiga karatasi yote. Maana skrubu za kifaa kimoja zinaweza kupishana urefu milimita 2 tu na ile ndefu ukiikaza pasipo pake inatoboa upande wa pili, ukishatoboa ubao wa saketi ndo basi tena.

Kitu kikiwa na hatua nyingi achana na picha, weka video. Simu iegemeze kwenye kikombe, endelea na kazi huku unaongea, "hiki kiklipu nakisukuma kulia, hapa kuna ka-springi kadogo kasiruke". Unajiona kama mwehu, ila spea ikichelewa wiki 3 ndo utajua kwa nini uliongea peke yako.

Kwa feni yako: chomoa plagi ukutani kwanza, kapasita ya mle ndani (kile kidude kinachohifadhi umeme) inaweza kuwa bado ina chaji kwa hiyo usiishikeshike, afu piga picha ya hiyo swichi kwa karibu uitume hapa. Swichi nyingi za feni zimechapwa L, 1, 2, 3 kwenye plastiki yenyewe, vidogo mno, ukiikuza picha utaviona.

---

Kibao_cha_Nyuma:

Mi nachangia kwa Fundi hapo juu. Kila kifaa kina kile kibandiko cha modeli na namba ya siri... samahani namba ya *mfululizo*, serial namba, na watengenezaji sijui walikaa kikao gani wakakubaliana kiwe nyuma, chini, pembeni ya ukuta, mahali ambapo kichwa cha binadamu hakifiki. Unapiga simu kuulizia spea unaambiwa "modeli gani?" na mashine ya kufulia ina kilo 60 na zaidi imebanwa kwenye kona.

Mkono unapita lakini. Wiki iliyopita nimeingiza simu nyuma ya mashine, flashi imewaka, nikabonyeza, nimetoa naona ukungu mweupe mtupu. Tena, ukungu. Shida ni mbili. Kwanza kamera ya kawaida ya simu ikisogezwa karibu sana na kitu, tuseme chini ya sentimita 10 hivi, fokasi inashindwa, na sisi wote tukitaka kusoma kitu kidogo ndo tunasogeza. Isogeze nyuma, piga, afu kuza picha. Pili flashi ikipiga kibandiko kinachong'aa inarudi yote kwenye lenzi. Dawa yake nimeigundua kwa hasira tu: washa video na tochi, ingiza mkono, ipeleke polepole kutoka juu hadi chini na uilaze kidogo, toa, cheza, sitisha pale maandishi yanaposomeka. Mara ya kwanza tu nikapata modeli, volti, mpaka mwaka wa kutengenezwa, na soksi niliyoitafuta tangu tuhamie.

---

Karani_Mstaafu:

Vijana mimi sina ufundi wa nyaya, miaka yangu yote nilikuwa wa makaratasi. La kwangu ni risiti. Hizi risiti laini zinazotoka kwenye mashine ndogo hazina wino, karatasi yenyewe imepakwa dawa inayogeuka nyeusi ikipata joto. Ndo maana ukiiacha ndani ya gari juani inaweza kuwa nyeusi tii, na ukiitunza kwenye pochi iliyojaa inafifia mpaka inakuwa karatasi nyeupe isiyokumbuka lolote. Garantii ni ya miaka 2, risiti yenyewe haifikishi. Kwa hiyo mimi nikishalipa, kabla sijatoka mlangoni, nimeshaipiga picha, na naiweka pamoja na picha ya kifaa na picha ya hicho kibandiko anachosema mwenzangu hapo juu. Vyote vitatu albamu moja.

Namna ya kupiga karatasi, kwa kuwa naona watu wanatuma vitu havisomeki: zima flashi, nenda dirishani, karatasi iweke juu ya kitu cheusi ili programu ione kingo zake, simu iwe juu yake sawasawa isilale upande wowote, na wewe usisimame kati ya dirisha na karatasi. Na msipige tu kama picha, tumieni skana. Wenye Android iko ndani ya Google Drive, wenye iPhone iko ndani ya Notes tangu 2017, inanyoosha karatasi iliyopinda, inaondoa kivuli na inakupa PDF. Mkituma kwa WhatsApp tumeni kama dokumenti, maana ukituma kama picha ya kawaida inabanwa na herufi ndogo hazisomeki.

---

Nguzo_B14:

mi napiga picha nguzo ya parking yenye namba. basi. mengine yote nakumbuka kichwani

---

Mzee_wa_Feni:

Aisee asanteni, hili la nguzo peke yake lingeniokoa mwaka mzima wa kuzunguka. Picha ya swichi naituma jioni nikirudi.

Nikiwa bado hapa nimekumbuka kero nyingine, rimoti ya tivii imegoma, nimebadilisha betri mara mbili. Hiyo nayo kuna mtu ataniambia nipige picha?

---

Waya_Mtupu:

Ndio 😂 tena sikutanii. Elekeza kile kitaa cha mbele ya rimoti kwenye kamera, bonyeza kitufe chochote na usiachie, angalia kwenye skrini ya simu. Ukiona kataa ka zambarau au keupe kanapepesa basi rimoti inatuma. Usipoona kitu rimoti imekufa. Sekunde 5 tu.

---

Sikubali_Mie:

Uongo huu unazunguka mtandaoni miaka. Nimejaribu sasa hivi na rimoti NZIMA, inayowasha tivii mbele yangu, na kwenye kamera hakuna mwanga wala nini. Msidanganye watu wakatupa rimoti zao.

---

Waya_Mtupu:

Umetumia kamera ya nyuma au ya mbele?

---

Sikubali_Mie:

Ya nyuma, kwani kuna nyingine ya maana?

Haya subiri.

...

Ya mbele inaonekana. Nimekoma.

---

Waya_Mtupu:

Hahaha hamna shida, na nikubali umenisahihisha pia maana ilibidi niseme tangu mwanzo. Iko hivi, rimoti inatuma miale ya infraredi, nyingi zinatumia mawimbi ya kama nanomita 940, na jicho la mtu huko halifiki, linaishia 700 na kitu. Kile kipande cha silikoni ndani ya kamera kinafika vizuri tu. Tatizo ukiiacha kamera ione infraredi rangi za picha zinaharibika, majani yanatoka rangi ya ajabu, nguo nyeusi zinatoka kama zimechujuka, kwa hiyo watengenezaji wanaweka kichujio mbele yake. Kwenye kamera kuu ya nyuma kichujio kinakuwa kikali, kwenye ya mbele mara nyingi kinakuwa hafifu. Simu zingine zote mbili zinazuia kabisa, kwa hiyo anza na rimoti nyingine unayojua ni nzima. Ikionekana hiyo, ndo uilete ya mgonjwa. Ukianza na ya mgonjwa ukaona giza hutajua kama kaharibika rimoti au kipofu ni simu yako.

Na kazi ifanyie mahali pasipo na mwanga mkali.

---

Binti_wa_Kwanza:

Jamani na sisi tunaolea wazazi. Mama macho yameanza kuchoka na dawa zake zina maandishi ya kuchekesha kwa udogo. Kwanza nilikuwa namsomea kila siku, afu nikamwonyesha kupiga picha ya boksi na kuikuza kwa vidole viwili, akanishangaa kama nimemfufulia mtu. Sasa ananipiga chenga, anasoma mpaka lebo za nguo.

Ila kuna tarehe moja ilitutesa. Ile ya mwisho wa matumizi kwenye karatasi ya vidonge haikuwa na wino, imebonyezwa tu kwenye bati, fedha juu ya fedha. Picha na flashi, haionekani. Bila flashi, haionekani. Nikachukua simu ya pili nikawasha tochi nikailaza mezani kabisa iwe inamulika kutoka ubavuni, kila herufi ikatoa kivuli chake kama vijilima, tukapiga, ikasomeka yote hadi namba ya toleo. Zilikuwa zimepita miezi 4.

Kitu kingine, kwa wasioona kabisa au wanaoona kidogo kuna apu inaitwa Be My Eyes, ilianza Denmark mwaka 2015, unafungua kamera na mtu wa kujitolea anakusomea kilicho mbele yako, kama hili kopo ni la nini au nguo hii rangi gani. Nilijiandikisha kujitolea, simu ya kwanza niliyopokea jamaa alitaka tu kujua taa ya chumba imewaka au imezima. Tukaangalia, imewaka, akasema asante akakata. Sekunde 20 na nikafurahi siku nzima sijui kwa nini.

---

Gari_Linaficha:

Daktari na fundi wa magari wana tabia moja, ukifika kwao ugonjwa unaisha. Gari langu lilikuwa linatoa mlio asubuhi tu likiwa baridi, kama mtu anakwangua sufuria, dakika 2 kimya. Nimelipeleka gereji mara 3, linafika pale limetulia kama mtoto mbele ya mgeni, fundi ananiangalia kama mimi ndo mbovu. Siku ya nne nikaamka nikafungua boneti nikaweka simu video ndo nikawasha. Nilimtumia, akasikiliza mara moja, "mkanda huo". Mkanda ukabadilishwa.

Na mwilini hivyohivyo. Mtoto alikuwa anatokwa na vipele usiku, asubuhi ngozi kama hariri. Piga picha usiku huohuo, taa imewaka vizuri, weka rula pembeni ili ukubwa ujulikane, maana kwenye picha bila rula kipele na embe havina tofauti. Mwenye alama au baka kwenye ngozi linalomtia wasiwasi apige picha kila mwezi palepale, kwa mwanga uleule, na rula ileile, daktari ataona kama linakua au limebadilika umbo. Ila msianze kujitibu kwa picha, wala sio kuzituma kwenye magrupu watu wapige kura ni ugonjwa gani. Peleka kwa daktari.

---

Mpangaji_Mzoefu:

Kabla ya kuingia nyumba ya kupanga au kuchukua gari la kukodi, VIDEO. Sizungumzi picha 2, video ya kila chumba, fungua makabati, fungua mabomba, washa taa, vuta maji chooni, kioo chenye ufa kisogelee. Mita ya maji na umeme piga namba zisomeke.

Kuna nyumba nilihama baada ya miaka 2 mwenye nyumba akanionyesha alama ya unyevu ukutani nyuma ya kabati anasema ni yangu, anakata kwenye pesa ya dhamana. Mimi nina picha yake! Nilikuwa nimeipiga siku ya kwanza. Nikamwonyesha, akaniambia picha inaweza kupigwa siku yoyote, tarehe za simu watu wanazibadilisha. Na ana haki kidogo hapo, mipangilio ya simu ukiirudisha nyuma tarehe, picha inafuata. Dhamana nikaipata nusu.

Tangu hapo sitegemei tarehe ya simu. Siku ileile ya kukabidhiwa funguo namtumia yeye mwenyewe, kwa barua pepe au meseji, "hizi ndo hali ya nyumba leo", asome asisome shauri yake, lakini ziko kwake na ziko kwangu na siku inajulikana.

---

Funga_Mlango:

Nimesoma yote, mazuri, ila hakuna aliyegusa upande wa pili na mnanitia wasiwasi.

Picha ya simu inabeba vitu ndani yake ambavyo huvioni: saa, modeli ya simu, na kama umeruhusu lokesheni basi na mahali ulipokuwa umesimama, kwa usahihi wa mita chache. Sasa Karani hapo juu kasema tumeni kama dokumenti ili isibanwe. Kwa risiti sawa. Lakini WhatsApp ukituma kama picha ya kawaida inavua zile taarifa, ukituma picha kama dokumenti inakwenda nazo zote. Yaani unamtumia mtu usiyemjua picha ya meza unayouza, na umemtumia mlango wa nyumba yako. Zimeni lokesheni kwenye mipangilio ya kamera.

Funguo msizipige picha mkaziweka mtandaoni, sijui "nyumba mpya tumshukuru Mungu" na funguo zimening'inia mkononi. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego walitengeneza programu inayosoma meno ya ufunguo kutoka kwenye picha na kutoa namba za kuchongea mwingine, na walifanikiwa hata kwa picha iliyopigwa kwa mbali kutoka juu ya paa. Kipindi hicho kamera za simu zilikuwa utani ukilinganisha na za leo.

Vitambulisho na kadi za benki ndo msiseme. Najua inasaidia kuwa na nakala, ila isikae galari pamoja na picha za harusi, ambako kila apu uliyoiruhusu inaingia. Simu nyingi zina foda ya siri yenye paswedi yake, weka huko.

---

Karani_Mstaafu:

Ndugu Funga_Mlango umesema kweli na nimejifunza. Nilichokusudia ni ile PDF ya skana, hiyo ni ya karatasi. Picha ya kawaida ya vitu vya nyumbani tumeni kama picha.

---

Nguzo_B14:

nna swali mimi. mtu akinitumia picha ya QR kwenye simu yangu hiyohiyo naiskanije? maana siwezi kuielekezea kamera simu yenyewe. huwa naazima simu ya mtu naona aibu

---

Waya_Mtupu:

😂😂 Usiazime tena. Fungua picha kwenye galari, kwenye iPhone bonyeza palepale kwenye QR usiachie, kwenye Android fungua picha ndani ya Google Lens. Inasomeka bila kamera. Hivyohivyo kwa maandishi, namba ya akaunti ikiwa kwenye picha bonyeza uikopi, usiandike kwa mkono ukakosea tarakimu moja.

Na QR ikiwa imechanika kidogo au imechafuka jaribu tu usiikatie tamaa, ilitengenezwa Japani mwaka 1994 na Denso Wave kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari, kwa hiyo walijua itakutana na grisi. Ile ya kiwango cha juu hata asilimia 30 hivi ikiharibika bado inasomeka. Lakini kabla ya kuskani ya kulipia iliyobandikwa mahali pa wazi, pitisha kucha kwenye ukingo. Kama ni stika juu ya stika, acha. Wezi wanabandika yao juu, na ukishaskani soma kwanza anwani inayokuja kabla hujabonyeza.

---

Bibi_Albamu:

Mnamsema sana mwenzenu kwa picha zake za sura. Picha inayotajwa kuwa ya kwanza kabisa kutumwa kwa watu kutoka kwenye simu, Philippe Kahn aliunganisha kamera na simu akiwa hospitali ya wazazi huko Santa Cruz, tarehe 11 Juni 1997, ilikuwa sura ya binti yake aliyezaliwa siku hiyo. Sio waya wala risiti. Zifutwe skrinishoti, sura zibaki.

Na kabla ya vyote pangusa lenzi. Simu inashinda mfukoni na mikononi, lenzi ina mafuta ya vidole, afu mtu analalamika kamera imezeeka. Kitambaa laini cha miwani, mara 2, imerudi ujana.

---

Mzee_wa_Feni:

Nimerudi wakuu, na nina ripoti.

Rimoti: kamera ya nyuma giza, ya mbele kataa ka zambarau kanapepesa vizuri kabisa. Kwa hiyo rimoti nzima. Nikasema basi tivii ndo imekufa, roho ikaniuma. Afu nikakumbuka ya yule wa mashine ya kufulia, nikaingiza simu chini ya ukingo wa tivii, video na tochi, nikapitisha taratibu. Kwenye kile kijicho cha kupokelea rimoti pamebandikwa stika ya sungura. Nina mtoto wa miaka 3. Nimebandua, tivii imewaka. Nimekaa nacheka peke yangu.

Feni: nilichomoa ukutani, nikapiga picha ya swichi, nikaikuza, na kweli pameandikwa L 1 2 3 na nyaya za 1 na 3 zilikuwa zimepishana. Picha nimemtumia Fundi inboksi akaniambia badilisha hizo mbili, L usiiguse. Nimebadilisha. 1 inapuliza kidogo, 3 kimbunga, kila kitu mahali pake.

Ila mezani imebaki skrubu moja na sijui imetoka wapi.

---

Fundi_Nusu:

Chomoa feni. Afu ipige picha hiyo skrubu uitume, na uweke rula pembeni.